Nilikwenda Java kupumzika, nikakosea haya

Nilipofika dirisha la uhamiaji Jakarta, Agosti mwaka jana, ofisa alinisemesha mara mbili ndipo nikasikia. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na uchovu ule ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Kwa miaka 6 nafunga hesabu za kampuni za watu Dar es Salaam, presha ikaanza kupanda nikiwa na miaka 39, na daktari akaniambia kuwa dawa atanipa yeye lakini mapumziko nijipe mwenyewe. Mdogo wangu anasoma Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java, Indonesia, kwa ufadhili. Kila tukiongea alikuwa akinisimulia vijiji vya milimani huko, nyumba za mbao, watu wasio na pupa, mvuke wa chai asubuhi. Nikavunja akiba, nikaomba likizo, nikaenda.

Nilichokifuata nilikipata, ila nilikipata siku ya 6, na nilikuwa karibu kukikosa kabisa. Siku za mwanzo nilizipoteza kwa makosa ambayo mtu angenionya mapema nisingeyafanya. Ndiyo maana naandika.

Kijiji sitakitaja jina, kwa sababu nyumba zinazopokea wageni ni mbili tu na mwenyeji wangu namheshimu. Kipo wilaya ya Kulon Progo, maana yake magharibi ya mto Progo, kwenye vilima vya Menoreh. Kutoka Jakarta nilipanda treni mpaka stesheni ya Wates, safari ya mchana mzima katikati ya mashamba ya mpunga, kisha gari likanipandisha mlimani. Nyumba ilikuwa ya mtindo wa limasan, paa la vigae, nguzo za mbao, kuta za mianzi iliyosukwa, na baraza pana mbele. Bafuni kuna tangi la maji na kata ya kuchotea. Mtu wa Pangani kama mimi hakuhitaji kufundishwa kuoga pale, ila wageni wengine waambiwe: unachota na kujimwagia, huingii ndani ya tangi.

Kosa la kwanza nilitoka nalo nyumbani. Kwenye simu nilikuwa nimeandika mambo 12 ya kuona, na nilikuwa nimelipia usiku 5 tu kijijini, halafu usiku 4 kisiwa cha Bali. Siku mbili za mwanzo nilikodi gari na dereva kwa rupia 650,000 kwa siku. Wakati ule shilingi moja ilikuwa kama rupia 6, kwa hiyo ni zaidi ya laki moja ya kwetu kila siku. Tukaenda Borobudur, jengo kubwa la mawe la Kibuddha lililojengwa karne ya 8 na ya 9, na sitasema halifai kuonwa. Tukaenda Kalibiru, ambako watu wanapanga foleni kupanda jukwaa lililojengwa juu ya mti ili wapigwe picha bonde likiwa nyuma yao. Barabara za Menoreh zinajikunja kama ukambaa. Nilitapika mara mbili. Nilirudi magharibi, kichwa kinagonga, nikamkuta mama mwenye nyumba amekaa barazani na birika la chai lililokwisha kupoa. Alikuwa ameniandalia tangu saa kumi. Hakusema neno. Akalichukua birika, akaenda kulipasha tena.

Lile birika liliniuma kuliko kichwa. Usiku ule nilifuta orodha yote. Bali nikaiachilia, na pesa ya watu wa Bali haikurudi, kama laki tatu na nusu za shilingi. Kama safari yako ni ya kupumzika, usichanganye na utalii wa kukimbizana, chagua moja. Na usipange siku 5 tu. Mwili uliozoea mbio unahitaji siku 3 au 4 za kushangaa tu kwamba hakuna anayeuita.

Kuna mambo madogo nayo yalinigharimu. Nilibeba nguo za joto la Dar. Julai na Agosti ni kiangazi Java, lakini usiku milimani kuna baridi ambayo wenyewe wana jina lake kabisa, bediding, na usiku wa kwanza nililala na kanga tatu na taulo juu. Beba sweta. Beba na fedha taslimu, kwa sababu mashine ya benki niliyoitumia ilikuwa huko chini mjini na duka la kijijini halikuwa na habari na kadi yangu. Na usitegemee kuita gari kwa programu ya simu ukiwa mlimani. Linaweza kukupeleka, lakini siku ya kuondoka utaita mpaka simu iishe chaji. Panga na mwenyeji wako mtu wa kukurudisha kabla hujafika.

Tena niliambiwa ni kijiji kimya, nikadhani kimya maana yake hakuna sauti. Jogoo wanaanza saa tisa usiku. Azana ya alfajiri inatoka misikiti mitatu kwa wakati mmoja. Kuna sungusungu wao wanaozunguka usiku wakigonga kentongan, kipande cha mwanzi kilichotobolewa, ko-ko-ko, kuonyesha kwamba wapo macho. Na Agosti ndiyo mwezi wa uhuru wao, vipaza sauti vinafanyiwa majaribio mchana, watoto wanashindana kukimbia ndani ya magunia na kuuma vitafunio vilivyoning'inizwa kwa uzi. Anayetaka kijiji kitulie zaidi aepuke wiki za katikati ya Agosti. Mimi leo nisingeziepuka, na nitaeleza kwa nini.

Sasa nije kwenye makosa yanayoniuma mpaka leo, yale ya watu.

Wazee kule wanaongea Kijava, na Kijava kina ngazi za adabu. Neno la ndiyo kwa heshima ni nggih. Nilimuuliza mama mwenye nyumba, "Bu, kesho twende sokoni?" Akajibu, "Nggih." Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa nimeshavaa viatu, nimekaa barazani na kikapu. Yeye anafagia uwanja. Saa mbili bado anafagia, na ananitazama kwa wasiwasi. Baadaye mdogo wangu alinifafanulia kwa simu: nggih yake ilimaanisha nimekusikia, na kumwambia mgeni hapana usoni hakuweza. Soko halikuwepo siku ile. Kule bado wanahesabu juma la siku 5, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, linalokwenda sambamba na hili letu la siku 7, na soko la pale linajaa siku yake maalumu katika hizo 5. Kalenda yao yenyewe Sultani Agung, mtawala wa Java enzi hizo, aliiunganisha na miezi ya Kiislamu mwaka 1633. Tangu hapo nikaacha kuuliza maswali ya ndiyo au hapana. Niliuliza, "Siku ya soko ni ipi?" nikapata jibu lililonyooka: Wage, na Wage ni keshokutwa.

La pili lilinitoa machozi. Nilikuwa natembea njiani, na kila nyumba ninayopita, bibi au babu aliyekaa barazani ananiambia, "Monggo, pinarak." Karibu, kaa. Nikafurahi mno. Nikaingia nyumba ya kwanza, nikaingia ya pili. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mzee sana, wao humwita Mbah, neno lao la babu na bibi. Nimekaa, tunatabasamiana, mara kwa upenyo wa mianzi nikamwona mjukuu anatoka mlango wa nyuma mbio, ameshika noti moja iliyokunjwa. Akarudi na kifuko cha sukari na pakiti ya biskuti. Bibi akaniletea chai kwa mikono miwili, na biskuti zote kwenye sahani. Hakubakiza hata moja.

Mimi nimezaliwa uswahilini. Nimesikia "karibu tule" maisha yangu yote, na najua kwamba jibu lake ni "asante, nimeshiba" hata kama tumbo linaunguruma, mpaka mtu akushike mkono. Nilikuwa na ufunguo wa mlango ule mfukoni siku zote na sikukumbuka kuutumia, kwa sababu nilidhani nipo ugenini na mambo ya ugenini ni mapya yote. Kumbe ukisikia "monggo, pinarak", unainamisha kichwa kidogo, unasema "matur nuwun", asante, na unaendelea na njia. Akikuita mara ya pili na ya tatu, au akiinuka, hapo ingia. Siku iliyofuata nilimpelekea yule bibi sukari na majani ya chai, nikasema ni za mjukuu.

La tatu lilimhusu mgema.

Nyumba ya jirani kulikuwa na mzee ambaye kila alfajiri na kila alasiri alikuwa anapanda minazi, mmoja baada ya mwingine, kama 20, amening'iniza vyombo vya mianzi kiunoni. Vilima vile vinajulikana kwa sukari ya nazi, hasa upande wa Kokap. Nilipomwona kwa mara ya kwanza moyo uliniruka. Vidaraja vilivyochongwa kwenye shina, kisu kilichopinda kama kotama, karara lililofungwa na kuinamishwa: ni kama nimemwona mjomba wa mama yangu kule Pangani. Nikatoa simu, nikaanza kumrekodi, na alipofika kileleni nikamwita kwa sauti ageuke. Akageuka. Mguu mmoja ukateleza kidogo kwenye kidaraja, akajishika. Mimi niliona kama kitu kidogo. Alipotua nikampa noti ya 100,000 mkononi, mbele ya wajukuu wake na jirani wawili. Akarudi nyuma hatua moja, anasema, "Mboten, mboten," hapana, hapana, na hakunitazama tena.

Usiku mama mwenye nyumba alinieleza taratibu, kwa Kiindonesia rahisi na simu ya kutafsiri kati yetu. Mtu akiwa juu haitwi. Wagema wanaanguka, hapo hapo mtaani kuna aliyeanguka na hatembei tena. Na pesa mkononi mbele za watu ni kumfanya mzee aonekane ameomba. "Ukitaka kumpa, Mbak," akaniambia, yaani dada, "nunua sukari yake."

Nililia kitandani. Nilikuwa nimevuka bahari nzima kutafuta mahali ambapo hakuna anayenipigia kelele nikiwa kazini, na jambo la kwanza kufanya ni kumpigia kelele mtu aliye kazini, tena juu ya mnazi.

Siku ya 6 nikaenda kwake bila simu. Nikasimama nje ya jiko, nikainama, nikasema "nuwun sewu", samahani, na nikasema nataka kununua sukari. Mkewe akanivutia kibao cha kukalia. Nikakaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na hapo ndipo kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwangu miaka yote ile kilianza kulegea.

Kwetu maji ya mnazi yanaachwa yachachuke yawe tembo. Kule hawataki yachachuke hata kidogo. Kabla ya kupanda wanatia chokaa kidogo ndani ya chombo, kisha yakishuka yanachujwa na kumiminwa kwenye karai kubwa juu ya kuni. Halafu mnasubiri. Saa nne, saa tano za kuchemka. Kuna wakati povu linapanda mpaka ukingo wa karai, nikasimama nikidhani litamwagika lote. Yule mama hakusimama. Alichukua nazi iliyokunwa, kipimo cha vidole vitatu, akairusha katikati, na povu likashuka papo hapo kama mtoto aliyeitwa jina lake. Maji yakageuka rangi ya chai, kisha ya asali, kisha kahawia nzito. Akaiepua, akaikoroga kwa mwiko mpaka ikaanza kuwa na chembechembe, akaimimina kwenye nusu za vifuu vilivyolowekwa. Mzee alirudi kutoka minazini, akanawa, akakaa hatua tatu kutoka kwangu, akawasha sigara yao ya kretek yenye karafuu ndani. Ule moshi ukinifikia nakumbuka Unguja. Enzi zile karafuu za Zanzibar zilikuwa zikisafirishwa kwa wingi huko kwa ajili ya sigara hizo hizo. Nilimwambia jina la nchi yangu, hakulijua. Nilipomwambia kwamba kwetu tunaye mtu anayeitwa mgema, nikaonyesha kwa mikono kupanda na kukata karara, akacheka mpaka akakohoa, akanisogezea kifuu chenye sukari ya moto.

Kuanzia siku ile nilikuwa na kazi moja tu kwa siku. Kukaa kwenye karai, au kupeta mchele na mama mwenye nyumba, au kwenda naye langgar, msikiti mdogo wa mtaa, ambako kinamama waliniazima mukena nyeupe ya kuswalia bila kuniuliza lolote. Maneno nayo yakaanza kujileta. Habari yako ni apa kabar. Sabuni ni sabun, wakati ni waktu, dunia ni dunia, na meza ni meja, kwa kuwa wao na sisi tulilichukua kwa Mreno mmoja. Kila tukikutana na neno la namna hiyo mama alipiga makofi. Chakula sikukipangia: muhogo wa kuchemsha asubuhi, wali na tempe, soya iliyochachushwa, na mboga ya nazi mchana, na jioni geblek, vitafunio vya unga wa muhogo vyenye umbo la namba 8 ambavyo Kulon Progo wanajivunia.

Tarehe 16 Agosti ndiyo iliyonifanya niseme nisingeziepuka wiki zile. Usiku huo, mkesha wa uhuru, mitaa inafanya tirakatan: watu wanakaa kwenye mikeka, wanaomba dua, wanakula pamoja. Asubuhi yake mama aliniambia, "Rewang," akanipa kisu. Rewang ni kinamama wa mtaa kukusanyika kupika kwa ajili ya shughuli. Ni jikoni kwetu kwenye arusi, hakuna tofauti ila lugha. Nikapewa rundo la maharage mabichi nikate vipande vya urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Nilikata vikubwa, bibi mmoja akavichukua akavikata upya bila kusema kitu, akanirudishia ubao. Nikakata vidogo. Tulikuwa kama 15 pale, na kwa saa nyingi sikuwaza hesabu ya mtu yeyote.

Usiku ule wali wa manjano wenye umbo la pia, tumpeng, ukakatwa. Mzee mmoja akasimulia siku ya uhuru ya mwaka 1945, kwamba ilikuwa Ijumaa, Legi, na ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Wale vijana wa vipaza sauti walikaa kimya wote. Nilibanwa katikati ya bibi wa biskuti na mjukuu wake, baridi inaingia, mtu akanifunika mabega kwa shali na mpaka leo sijui ni nani.

Kwa anayetaka hesabu: tiketi ya ndege kwenda na kurudi ilinitoka kama milioni 3 za shilingi. Nyumba na milo mitatu ilikuwa rupia 225,000 kwa usiku, kwa usiku 9 haifiki laki tatu na nusu za kwetu. Gari la zile siku mbili na Bali iliyopotea kwa pamoja zilikula zaidi ya hizo siku 9 zote za kijijini. Zawadi ya kuaga niliitia kwenye bahasha iliyofungwa, nikaikabidhi kwa mkono wa kulia tukiwa wawili tu ndani.

Mgema alinipa sukari vipande sita, amevifunga mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba. Nilivipeleka Pangani mwezi uliofuata. Mama yangu hakuuliza vimetoka wapi. Alifungua jani, akanusa, akavunja kipembe akakiweka ulimini, akafumba macho. "Asali ya tembo," akasema. "Nani huyu ameikausha vizuri hivi?"